Mche Mchanga Mizizi Ikiwa Nje: Uletee Udongo, Usiung'oe

Mvua ya jioni ikishapiga Kisumu, kesho yake asubuhi ndipo kitalu kinapotoa siri zake. Sukuma wiki iliyoota juzi imelala ubavu, uzi mweupe wa mzizi uko nje, na yale majani mawili ya kwanza bado ni mabichi kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo watu hugawanyika. Kuna anayeung'oa mche wote ili aupande upya vizuri, na kuna anayesema huo ushakwenda, kisha akaendelea na shughuli zake. Wote wawili wanapoteza mche ambao ungepona kwa vijiko viwili vya udongo.

Tuanze na kinachoua, maana ushauri mwingi wa mtaani huenda kombo hapo. Utaambiwa mzizi umeunguzwa na mwanga. Lakini mtu anayeotesha kokwa la parachichi kwenye glasi ya maji dirishani huona mizizi ikirefuka mchana kutwa ndani ya mwanga bila kudhurika. Pengine itaingia rangi ya kijani kidogo, basi. Tofauti ya mzizi ule na huu wa kitaluni ni maji. Mzizi wa mche mchanga huuawa na ukavu, na ukavu huo huanzia mahali padogo mno, ambapo jicho hupapita bila kupaona.

Nyuma kidogo ya ncha ya mzizi kuna vinyweleo vyeupe. Kila kinyweleo ni seli moja tu iliyojirefusha upande, yenye ukuta mwembamba sana, na kupitia humo mche hufyonza sehemu kubwa ya maji na madini yake. Mmea mkubwa una vinyweleo kupita kiasi cha kuhesabika kwa subira ya kawaida. Mwaka 1937 mtafiti wa Marekani, Howard Dittmer, alichapisha makadirio ya mmea mmoja wa nafaka ya rai uliokuzwa ndani ya sanduku kwa miezi minne, akapata vinyweleo vipatavyo bilioni 14. Mche wako wa siku tatu hauna utajiri huo. Una pete moja fupi ya vinyweleo, na pete hiyo inaweza kunyauka kwa dakika chache za jua na upepo mkavu.

Kinyweleo kilichokufa hakifufuki, wala hakioti kingine palepale. Vipya hutokea kwenye kipande kipya cha mzizi, kile kinachoendelea kurefuka nyuma ya ncha. Hii ndiyo sababu ncha ina thamani kuliko sehemu nyingine yoyote ya mche wakati huu. Ikiwa nyeupe na imejaa maji, kuna mzizi mpya unaokuja pamoja na vinyweleo vyake, hata kama sehemu ya juu imesinyaa. Ikiwa imekuwa ya kahawia na bapa, tazama juu yake: mzizi ulio hai huweza kutoa matawi ubavuni, na mche ukaendelea kwa matawi hayo. Uzi wote ukiwa wa kahawia, na ngozi yake ikivuka ukiigusa, hapo hakuna cha kuokoa.

Vinyweleo hivi vimewaponza wengi kwa njia nyingine pia. Mbegu iliyoota juu ya udongo wenye unyevu hufuga pamba nyeupe kuzunguka mzizi, na mwenye kitalu akiiona husema ni ukungu, akaleta majivu au dawa. Pulizia maji kwanza. Vinyweleo hulala juu ya mzizi na kutoweka machoni. Ukungu hubaki, tena huwa umetambaa juu ya ganda la mbegu na udongo wa jirani, wakati vinyweleo haviondoki kwenye mzizi hata kidogo. Miche mingi imeuawa kwa dawa ya ugonjwa ambao haikuwa nao.

Mbali na ukavu, kuna tatizo la kukosa pa kushika. Mzizi wenyewe unajua chini ni wapi. Ndani ya seli za ncha yake mna chembe za wanga, nzito kuliko umajimaji unaozizunguka, ambazo hutulia upande wa chini wa seli na kuuelekeza mzizi huko. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza mwaka 1880 kwamba hisia hiyo iko kwenye ncha: waliikata, na mzizi uliolazwa ukaendelea kurefuka bila kupinda kwenda chini. Lakini kuijua njia hakutoshi. Ili ncha ipenye udongo, mbegu inahitaji kitu cha kuizuia isisukumwe kurudi nyuma. Mbegu iliyofunikwa ina udongo juu yake wa kuibana. Ile iliyolala juu ya udongo mgumu haina kitu, kwa hiyo mzizi unaposukuma chini, mbegu ndiyo inayoinuka. Ndiyo sababu unaikuta kunde imesimama juu ya mzizi wake, au mzizi unatambaa juu ya ardhi ukitafuta ufa wa kuingilia. Ukizidisha maji bila kuweka udongo, unaichelewesha tu siku ya kufa.

Ukubwa wa mbegu ndio unaoamua muda ulio nao. Maharagwe, mahindi, embe na parachichi hubeba akiba kubwa ya chakula; ncha ikifa, mbegu bado ina uwezo wa kutuma mizizi mingine. Mboga za kienyeji kama managu, terere na saga, pamoja na nyanya, huzaliwa maskini. Akiba yao ni ya siku chache, na mzizi wa kwanza usipopata udongo hakuna mtaji wa kuanza upya. Kwa hiyo ukikuta kitalu kizima kimeathirika, anza na mbegu ndogo. Mahindi yatakusubiri mpaka unywe chai.

Kabla hujagusa udongo, hakikisha unachokiona ni mzizi kweli. Kati ya majani mawili ya kwanza na mzizi kuna kipande cha shina, na mche uliokulia kwenye kivuli hukirefusha kipande hicho hadi kinaanguka kwa uzito wa majani. Mtu akiuona umelala hudhani mizizi imefunuliwa. Kipande cha shina huwa laini na cha kijani au zambarau. Kwenye sukuma wiki zambarau hiyo huonekana sana, na kwenye nyanya huwa na manyoya mafupi. Mzizi ni mweupe au rangi ya maziwa, na huanza kutoa matawi madogo. Kama kilicho nje ni shina refu, kosa liko kwenye kivuli kizito au mbegu zilizosongamana, na dawa yake ni nafasi na mwanga zaidi, pamoja na udongo kidogo wa kuuegemeza.

Mahindi nayo yana mizizi ambayo mahali pake ni nje. Ile minene inayotoka kwenye pingili za chini mmea ukiwa umekua, ikashuka kama miguu ya kigoda, ni ya kuushikilia mmea usilazwe na upepo, na hakuna ugonjwa hapo. Mahindi machanga yaliyopandwa juujuu ni habari nyingine. Mizizi yao ya kudumu hutoka kwenye pingili zilizo karibu na uso wa ardhi, na udongo wa juu ukiwa mkavu au umechukuliwa na maji, mizizi hiyo hukomea hewani kabla haijashika. Mmea unayumba, unaangushwa na upepo, na mkulima anamlaumu mdudu. Piga palizi ukivuta udongo kuelekea shina, kisha uombe mvua.

Turudi kitaluni. Cha kwanza ni kivuli, hata kabla ya maji. Chomeka kipande cha jani la mgomba upande wa jua linakotoka, au funika kwa kikapu kilichotoboka. Unanunua muda wa kufanya mengine bila haraka. Kisha lowesha mzizi kwa matone, ukitumia chupa ya kupulizia au vidole vilivyochovywa majini. Usimimine kutoka kwenye jagi. Maji yaliyomiminwa ndiyo yaliyoleta balaa hili katika vitalu vingi ambavyo havijaona mvua mwezi mzima.

Udongo wa kufunikia uwe umechekechwa na uwe na unyevu tayari. Watu hukosea sana hapa. Udongo mkavu ukiwekwa juu ya mzizi ulio wazi huunyonya unyevu uliobaki badala ya kuupa, na mche unaonekana umefunikwa vizuri huku unakaushwa chinichini. Chukua udongo wa juu wa shambani, changanya na mchanga wa mto na mboji iliyooza kabisa, nyunyizia maji mpaka ushikane ukiufumbata mkononi lakini usitoe maji ukiukamua. Mimina kijiko kimoja kimoja kuuzunguka mzizi. Usishindilie kwa kidole gumba. Maji machache ya kunyunyizia yataupeleka udongo kwenye nafasi zote, na ukizama ongeza kijiko kingine.

Kwa nini usiung'oe na kuupanda upya? Kwa sababu sehemu iliyo nje si mzizi wote. Mara nyingi ncha ingali udongoni, imeshika, inakunywa. Ukivuta, unavikata vinyweleo vilivyosalia ili kuviokoa vilivyokwisha kufa. Mche uliolala usiusimamishe kwa nguvu pia. Weka udongo upande ulioinamia, uuache uinuke wenyewe. Shina changa hujinyoosha kuelekea juu kwa siku moja au mbili.

Mahali pa kuishia udongo hutegemea mmea. Nyanya hupenda kuzikwa: shina lake hutoa mizizi mipya kila mahali linapogusa udongo wenye unyevu, hivyo funika mpaka karibu na majani yale mawili ya kwanza. Sukuma wiki na kabichi nazo huvumilia kufunikwa hadi hapo. Papai usilifanyie hivyo. Shina lake huoza upesi likizikwa, kwa hiyo rudisha udongo hadi pale ulipokuwa na usiongeze. Kitunguu kinataka mizizi ifunikwe na shingo ibaki huru. Karoti ni kigeugeu: mzizi wake ndio chakula chenyewe, ncha ikikatika utavuna karoti yenye miguu miwili, kwa hiyo funika bila kuisogeza na uridhike na utakachopata. Alama ya udongo wa zamani huonekana ukichungulia, pale rangi ya shina inapogeukia weupe.

Mbegu iliyotoa mzizi tu bila majani ina utaratibu wake. Toboa shimo dogo kwa njiti ya kiberiti, inua mbegu kwa kushika ganda, uuteremshe mzizi shimoni bila kuugusa, kisha funika kwa unene wa mara mbili hivi wa mbegu yenyewe. Mzizi ukiwa umeelekea juu usiukunje kwa lazima. Laza mbegu ubavu, ufunike, na zile chembe za wanga zitafanya kazi yake ndani ya saa chache. Mche wenye majani nao ushikwe kwa jani. Mche unaweza kupoteza jani moja na ukatoa lingine. Shina ni moja tu, nalo ndilo njia ya maji, na vidole vya mtu mzima huiponda bila yeye kuhisi.

Halafu kuna hamu ya kuusaidia mche kwa mbolea. Iache. Mbolea ya dukani kama DAP au CAN ikiyeyuka karibu na mzizi uliojeruhiwa huufanya udongo uwe na chumvi nyingi kuliko mzizi, na maji hutoka ndani ya mzizi kwenda nje. Samadi mbichi ya kuku huongeza joto na amonia juu ya shida iliyopo. Hata majivu, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiyaona yakinyunyizwa kila mahali, hayana kazi kwenye mzizi ulio wazi. Subiri mpaka jani la kweli la kwanza lifunguke, ndipo ufikirie kulisha.

Kufunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ni ushauri unaosambazwa sana, na ni mzuri mahali fulani. Nakuru, iliyo kwenye mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku huwa baridi na hewa ya mchana huwa kavu. Chupa hiyo hutunza unyevu vizuri. Kisumu iko chini sana ya hapo, kwenye mita 1,130 hivi, tena karibu kabisa na ikweta, na chupa iliyoachwa juani saa sita huupika mche. Ukiitumia huko, iwe kivulini na kifuniko kikiwa wazi.

Tofauti ya mahali haiishii kwenye chupa. Ukanda wa Ziwa Victoria, ulipo mji wa Kisumu, una saa yake ya mvua. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuja nchi kavu, hupanda unapokutana na milima ya Nandi, na alasiri au jioni radi huanza. Kwa mwenye kitalu hii ni bahati iliyojificha. Mzizi uliofunuliwa saa kumi na moja jioni una usiku mzima wa hewa yenye unyevu mbele yake. Hatari huanza jua likishapanda, kuanzia saa tatu hivi. Anayekagua kitalu saa kumi na mbili asubuhi huikuta miche bado iko hai. Anayefika saa tano akitoka sokoni hukuta nyuzi za kahawia, halafu anasimulia kwamba mvua iliua miche yake.

Nyanda za Kano karibu na Kisumu, kuanzia upande wa Ahero, zina udongo mweusi wa mfinyanzi, na hapo mzizi hufunuliwa na ukame kuliko mvua. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ufa ukipita katikati ya tuta unaupasua mzizi mchanga au kuuacha ukining'inia kati ya kingo mbili. Ukiujaza ufa kwa udongo uleule mweusi, utapasuka tena juma lijalo. Jaza kwa mchanga na mboji, mwagilia kidogo kidogo kila siku usiuache ukauke kabisa, na msimu ujao inua tuta na uchanganye mchanga huo tangu mwanzo. Tuta lililoinuliwa litakusaidia pia maji ya mafuriko yakija.

Kakamega na Vihiga shida ni mteremko na wingi wa maji. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na matone makubwa yanayoanguka juu ya udongo ulio wazi huurusha huku na huko mpaka mbegu zinabaki zimekaa juu ya vijisahani vya ardhi. Tuta lielekezwe kukatiza mteremko, mbegu zisiwe kwenye mistari inayoshuka na maji, na yatandazwe matandazo mepesi ya nyasi kavu kati ya mistari. Nyasi zilizofunika mbegu zenyewe ziondolewe mara miche inapochomoza, jioni, la sivyo itarefuka na kulala. Mvua ya mawe ikiahidiwa na mawingu, fito nne na gunia kuukuu hutosha.

Nakuru ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya udongo ule umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi na hupitisha maji haraka. Januari na Februari upepo huubeba. Kitalu kilichomwagiliwa asubuhi kinakuwa vumbi saa nane, na mizizi hujitokeza bila tone la mvua kuanguka. Huko udongo wa kufunikia usiwe na mchanga. Uongezewe mboji zaidi ili ushike maji, na upande unakotoka upepo uwekwe ukuta wa nyasi au matete. Kuku wa kienyeji wanaochakura matuta sijawataja kwa sababu hawana kaunti. Matawi ya miiba juu ya tuta ndiyo yanayowaelewesha.

Hapa msomaji makini atauliza swali zuri. Kama mzizi wazi ni hatari hivi, mbona pale sokoni Kibuye, Kisumu, na masoko mengine sukuma wiki huuzwa mafungu mafungu, mizizi nje, ikapanda matatu na bado ikashika? Na mbona Ahero miche ya mpunga hung'olewa kitaluni, ikafungwa na kubebwa mizizi ikiwa mitupu, ndipo ikapandikizwa kwenye majaruba?

Jibu la mpunga ni rahisi: unatoka kwenye tope unaingia kwenye tope, na katikati hauachwi ukauke. Sukuma wiki ya sokoni ina jibu refu zaidi. Mche huo una wiki nne au zaidi. Shina lake limekomaa, lina akiba, na mizizi yake minene ina uwezo wa kuchipua mingine mingi hata vinyweleo vyote vikiwa vimekufa njiani, na kwa kweli huwa vimekufa. Ndiyo maana siku mbili za kwanza shambani hulegea, hata ukiumwagilia: hauna cha kunywea mpaka mizizi mipya itoke. Mche wa siku tatu hauna mtaji huo wa kusubiri.

Wauzaji wazuri wanalijua hili bila kulitolea hotuba. Mteja akiuliza, "Mama, hii itashika kweli?" jibu huwa ni la masharti: "Itashika mwanangu, lakini usiipande na hili jua. Ngoja jioni." Fungu hulifunga kwa jani la mgomba au gunia lililolowa, na ukifika nyumbani unaweza kuongeza jambo moja: koroga udongo wa mfinyanzi na maji mpaka uwe tope jepesi, uchovye mizizi humo. Tope hilo hung'ang'ania mizizi na kuizuia isikauke wakati unachimba mashimo. Punguza pia majani makubwa ya chini. Jani linaendelea kutoa maji hewani hata mzizi ukiwa hauingizi chochote, na mche wenye majani machache hulipa deni dogo.

Miti inataka ukali zaidi. Kokwa la embe lililoota juu ya jaa, mzizi ukiwa nje umejikunja na kurudi juu, linaweza kupona na kuwa mche mzuri wa kutazama. Lakini mkunjo ule haujinyooshi. Mzizi mkuu uliopinda utanenepa ukiwa umepinda, na miaka ijayo mti utakosa mshiko wa kina na kuangushwa na upepo. Kama mkunjo uko karibu na ncha na mzizi bado mlaini, ikate sehemu iliyopinda kwa wembe safi, uuzike wima kwenye mkebe mrefu au paketi ya maziwa iliyotobolewa chini. Utatoa mizizi ya pembeni inayokwenda chini. Kama umepinda tangu shingoni, utupe. Inauma kutupa mche uliookolewa, lakini inauma zaidi kuulea miaka mitano. Parachichi likioteshwa liwekwe upande wake mpana ukiwa chini na ncha juu, na nusu ya juu ya kokwa ibaki wazi. Hilo kuonekana si kosa na halihitaji udongo wako.

Baada ya kufunika, kazi iliyobaki ni kujizuia. Kivuli cha nusu jua kwa siku tatu hadi tano, kisha kipunguzwe kidogo kidogo, kikianza kuondolewa asubuhi na jioni. Maji yawe asubuhi. Miche iliyo kwenye mikebe unaweza kuinyweshea chini: iweke kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita mbili kwa nusu saa, udongo uyavute wenyewe, kisha uitoe ichuruzike. Hakuna udongo unaohamishwa, hakuna mzizi unaofunuliwa tena.

Mche ukilegea saa saba na kuinuka jioni, unapona. Mizizi haijaweza kushindana na jua la mchana lakini usiku inafidia. Usiukimbilie na maji kila ukilegea. Maji mengi kwenye udongo usiopitisha hewa hualika kinyausi, ule ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina pale linapokutana na udongo mpaka linakuwa jembamba na la majimaji, mche ukadondoka ukiwa na majani mabichi. Mche wenye mzizi uliojeruhiwa hushikwa nao upesi, na ukishadondoka hivyo hauponi. Utoe pamoja na udongo wake kabla jirani zake hawajaambukizwa, kisha punguza maji, achanisha iliyosongamana, na uruhusu hewa ipite.

Jani la kweli la kwanza, lile lisilofanana na yale mawili ya mwanzo, ndilo la kusubiri. Likifunguka, mzizi umeshika na mche unajilisha. Kwa sukuma wiki na nyanya hilo huweza kuchukua wiki moja au zaidi, na mche uliookolewa utabaki nyuma ya wenzake kwa siku kadhaa. Usiupandikize siku moja nao kwa kulazimisha. Kwenye pengo lililobaki tutani, sia mbegu mpya siku ileile ya kuokoa, hasa kwa managu na saga, ambazo kijiko kimoja cha mbegu kina maelfu. Changanya mbegu hizo na mchanga mkavu ili zisidondoke zote mahali pamoja, zitie kwenye kifereji cha kina cha nusu sentimita, fukia, na upapase juu yake kwa kiganja mpaka udongo ukutane na mbegu.